Sura ya Sita: Kufuata Matunzo Mpaka Kwenye Mali

Hakimu akishasoma hukumu na kumwamuru baba atoe matunzo ya watoto kila mwezi, wengi hutoka mahakamani wakiamini kazi imekwisha. Ndugu waliosindikiza wanapeana mikono, mama anakunja nakala ya hukumu na kuitia kwenye pochi, na kila mtu anarudi nyumbani kusubiri mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza pesa inaingia. Wa pili inaingia nusu, ikisindikizwa na ujumbe wa simu kwamba mambo ni magumu. Wa nne simu haipokelewi. Sura hii inamhusu mama aliyefika kwenye mwezi huo wa nne. Nasema mama kwa sababu ndiye anayebaki na watoto mara nyingi, lakini sheria inaweza kumwamuru mama naye alipe, na baba anayelea watoto peke yake atazipita njia hizi hizi.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mahakama haimfuati mtu kwa hiari yake. Ukishinda shauri la madai unaitwa mshinda tuzo, na kazi ya kuitekeleza tuzo hiyo inabaki mikononi mwako. Mahakama ina nguvu ya kukamata mali, kuzuia fedha benki, kukata mshahara, hata kumweka mtu mahabusu. Nguvu hiyo yote inalala mpaka wewe uiamshe kwa maombi ya maandishi, tena maombi yanayoonyesha mali iko wapi na unataka ifanywe nini. Maombi hayo ndiyo watu wa mahakamani wanayaita kukazia hukumu.

Nchi nyingine zimeamua vingine. Uingereza ilianzisha chombo cha serikali cha kukusanya matunzo mwaka 1993, na Marekani tangu 1975 serikali kuu inagharimia ofisi za majimbo zinazofanya kazi hiyo, kiasi kwamba mzazi mwenye deni la zaidi ya dola 2,500 anaweza kunyimwa pasipoti. Tanzania hatuna chombo cha namna hiyo. Ofisa Ustawi wa Jamii anasuluhisha na kuiandikia mahakama taarifa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea malalamiko. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kulishika gari la mdaiwa na kulipiga mnada. Kwa maoni yangu hili ni pengo kubwa na la aibu: mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ili watoto waende shule wamekula hakupaswa pia kuwa mkusanyaji wa deni lao. Lakini mpaka pengo hilo lizibwe, kazi ni yake, na anaweza kuifanya vizuri akijua njia.

Tuanze na deni lenyewe, maana wapo wanaolidai kwa unyonge kama wanaomba fadhila. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa baba wajibu wa kuwapatia watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, wawe wanakaa naye au wanakaa kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaenda mbali zaidi. Ilihesabu chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, na hata nafasi ya kucheza, kuwa haki ya mtoto mwenyewe. Ikamtaka hakimu, anapopanga kiasi, atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu waliyonayo na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Wanaokumbuka sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyokuwa imefunga matunzo kwenye shilingi 100 kwa mwezi, wanajua tumetoka wapi.

Kwa hiyo hoja nyingi zinazosemwa na wadaiwa hazina mashiko. "Siku hizi shule ni bure." Ada imefutwa kweli, kuanzia 2016 mpaka kidato cha nne na baadaye kidato cha tano na sita, lakini sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana havikufutwa. "Ameolewa, huyo bwana awalishe." Ndoa mpya ya mama haimfuti baba. "Hanipi watoto niwaone." Kama kweli ananyimwa, aende mahakamani akaombe amri ya kuwaona. Kuwaona na kuwalisha ni mambo mawili, na hakuna mzazi anayeruhusiwa kulipiza moja kwa lingine. Nawe mama usiwafiche watoto kwa sababu hela haijaja. Ukifanya hivyo unampa mwenzio kisingizio cha kutamka mbele ya hakimu, na watoto wanapoteza mara mbili.

Ipo hoja moja tu yenye uzito: "Nimepoteza kazi." Hiyo ni ya kusikilizwa, lakini inasikilizwa na mahakama, si kwa mdaiwa kujiamulia mwenyewe. Mzazi aliyepungukiwa anatakiwa arudi kwa hakimu kuomba kiasi kipunguzwe. Asiporudi, amri ya zamani inaendelea kuhesabu, na kila mwezi unaopita unaongezeka kwenye deni.

Sasa karatasi. Wapo waliokubaliana ofisi ya Ustawi wa Jamii, wapo waliokubaliana mbele ya sheikh, mchungaji au baraza la kata, wakaandikishana na kugongewa muhuri. Makubaliano hayo yana thamani kama ushahidi, lakini huwezi kumpelekea dalali wa mahakama karatasi ya ofisi ya kata akakukamatia gari. Inayokaziwa ni amri ya mahakama. Kama huna, hatua yako ya kwanza ni kuipata, katika Mahakama ya Watoto au katika mahakama iliyoivunja ndoa yenu, na yale makubaliano uende nayo yakakusaidie kuthibitisha kwamba mwenzio alikubali kiasi fulani kwa kinywa chake. Kama unayo, omba nakala iliyothibitishwa na uitunze mahali pasipofika maji wala panya.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa usemi huo unafanya kazi neno kwa neno. Nunua daftari la mistari, chora safu: mwezi, kiasi kilichoamriwa, kiasi kilichoingia, tarehe, njia, baki. Chukulia amri ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi 14 imepita, iliyotakiwa ni shilingi 2,100,000. Ameleta 150,000 mara mbili, 70,000 mara moja, na gunia la mchele wakati wa sikukuu. Kwa fedha ameleta 370,000. Baki ni 1,730,000. Mchele utaleta ubishi: atasema ni matunzo, utasema ni zawadi. Uandike ulivyo, na tarehe yake, uache hakimu aamue. Usifute jumbe za simu, za fedha na za maneno. Ujumbe unaosema "nivumilie mwezi huu nitalipa yote" ni ungamo la deni, na umetoka kwenye namba yake mwenyewe.

Daftari hilo lina sababu nyingine ya haraka. Sheria ya Ndoa inayatambua malimbikizo ya matunzo kuwa deni linalodaika kama deni lingine lolote, lakini inaweka ukomo: kiasi kilichotimiza muda wake zaidi ya miaka 3 kabla ya kufungua madai hakidaiki tena. Mama anayevumilia miaka sita akingoja baba ajirudi anaamka siku moja amepoteza nusu ya deni kwa uvumilivu wake. Kaa miezi miwili au mitatu ukimkumbusha kwa maandishi, kisha nenda.

Swali gumu kuliko yote linakuja sasa: ana nini, na kiko wapi? Ofisini kwangu wanawake hujibu kwanza kwamba hana kitu. Ukikaa nao nusu saa, vitu vinaanza kujitokeza. Alikuwa na kiwanja Chanika, sijui kama aliuza. Kuna fremu mbili za duka kwa mama yake, alizijenga yeye. Ana Noah inayobeba abiria, ila kadi imeandikwa jina la mdogo wake. Yuko SACCOS ya kazini. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka kumi anazijua mali zake kuliko ofisa yeyote wa benki. Anachokosa ni kuziandika kwa namna ambayo mahakama inaweza kuitumia: namba ya gari, namba ya kiwanja na kitalu, jina la mtaa na la mjumbe, tawi la benki, jina la mwajiri na mahali ofisi ilipo.

Baada ya hapo unathibitisha. Kiwanja chenye hati kinatafutwa kwa Msajili wa Hati kwa kulipia ada ya upekuzi, nawe unaelezwa mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani. Kampuni na majina ya biashara yako BRELA. Umiliki wa gari uko kwenye kumbukumbu za TRA, na mahakama inaweza kuombwa iagize taarifa hiyo itolewe. Nyumba nyingi za mijini hazina hati, zina karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa. Huko shahidi wako ni mwenyekiti wa mtaa, majirani, na wapangaji wanaojua kodi wanampa nani.

Wapangaji hao usiwapite haraka. Mtu anaweza kuwa na nyumba ya urithi yenye wenzake watano, isiyouzika bila vita ya ukoo, na bado kila mwezi akachukua kodi ya vyumba vitatu. Kodi ambayo mpangaji anadaiwa na mwenye nyumba ni mali ya mwenye nyumba iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Mahakama inaweza kumwamuru aliyeishika asimpe mdaiwa bali ailete mahakamani. Ndivyo ilivyo pia kwa benki yenye akaunti yake, na kwa tajiri aliyempa kazi ya ujenzi na bado hajamlipa. Mimi huipenda njia hii kuliko zote. Haivunji nyumba, haimuuzi mtu kitanda, na inaleta pesa taslimu.

Kama hujui kabisa ana nini na kiko wapi, omba aitwe mahakamani ahojiwe chini ya kiapo kuhusu mali zake na watu wanaomdai au anaowadai. Wanawake wengi hawajui kwamba haki hii ipo. Mahojiano yakiandaliwa vizuri huwa mafupi na makali. Asiulizwe kama ana pesa, maana atasema hana. Aulizwe vitu vidogo ambavyo jibu lake linaweza kupimwa:

"Unaishi wapi sasa?"

"Nimepanga, Mheshimiwa. Kimara."

"Kodi ni shilingi ngapi?"

"Laki mbili."

"Unalipaje?"

"Kwa miezi sita."

"Mara ya mwisho ulilipa lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Hiyo milioni moja na laki mbili uliitoa wapi?"

Hapo ukumbi hunyamaza. Mtu aliyeapa kwamba hapati hata elfu hamsini ya mtoto ametaja mwenyewe shilingi 1,200,000 alizozitoa kwa mkupuo, na hakimu ameandika.

Mwajiriwa ni mdaiwa mwepesi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kukata mshahara pale mahakama inapoamuru, na amri ikishafika kwa mwajiri, mlipaji wa kweli anakuwa idara ya fedha, isiyo na hasira wala visasi vya ndoa. Sehemu ya mshahara huachwa mfanyakazi aishi, na hilo ni haki. Usingoje malimbikizo ndipo uombe. Kama mnaachana na mwenzio ameajiriwa, omba siku ile ile ya amri ya matunzo kwamba makato yapitie kwa mwajiri.

Kuna vitu sheria imevifungia mlango, na ni bora uvijue mapema usije ukamlipa dalali kwa safari ya bure. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inayotumika kuanzia Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi kwenda juu, hairuhusu kukamata nguo za kuvaa za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, wala vitanda. Hairuhusu zana za fundi, wala majembe, mbegu na mifugo ambayo mkulima anaitegemea kuishi. Inalinda pensheni na viinua mgongo vya wastaafu wa serikali. Na inalinda nyumba, au sehemu ya nyumba, ambayo mdaiwa anaishi na mke wake na watoto wanaomtegemea. Hiyo ya mwisho inawauma wengi: mtalaka amejenga, amemweka mke mpya, na nyumba ile haiguswi. Inauma, lakini humo ndani nao wamo watoto, na sheria ya kulinda watoto haiwezi kuwatoa hawa nje ili kuwalisha wale. Mali za mke mpya alizochuma mwenyewe nazo haziingii kabisa. Tafuta nyumba ya pili, ile anayopangisha. Tafuta kiwanja kitupu, gari, mashine ya kusaga, akaunti. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake, nyepesi na fupi zaidi, kwa hiyo muulize karani utaratibu wao kabla hujaandika chochote.

Wajanja huanza kuhamisha mali mara tu wanaposikia habari ya mahakama. Kiwanja kinauzwa kwa shemeji kwa bei ya kutupa, gari linaandikishwa kwa mdogo mtu, duka linabadilishwa jina. Sheria ya Ndoa ililiona hili zaidi ya miaka 50 iliyopita. Inaipa mahakama uwezo wa kutengua uhamisho wa mali uliofanyika ndani ya miaka 3 iliyotangulia endapo lengo lilikuwa kumpunguzia mtu uwezo wa kulipa matunzo, na uwezo wa kuzuia uhamisho ambao bado haujafanyika. Mnunuzi aliyelipa thamani ya kweli kwa nia njema analindwa. Shemeji aliyepewa kiwanja cha milioni nane kwa laki tano atakuwa na kazi ya kueleza. Ukisikia tetesi za kuuza, kimbilia zuio kwanza. Ni rahisi kuzuia kiwanja kisiuzwe kuliko kukirudisha baada ya kupita mikono mitatu na kuanza kujengwa msingi.

Tuseme sasa hati ya kukamata mali imetoka. Madalali wa mahakama ni watu walioteuliwa rasmi, na kanuni zao za 2017 zinasimamia uteuzi wao, malipo yao na nidhamu yao. Ukitajiwa dalali, hakikisha anatambuliwa na mahakama. Dalali anayejua kazi anafika mchana kweupe, amepita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ana hati mkononi. Anaisoma. Kisha anaanza kuorodhesha kwa sauti huku msaidizi akiandika: runinga bapa nchi 43, moja, inafanya kazi. Jokofu la milango miwili, moja, kishikio kimevunjika. Makochi seti moja, rangi ya kahawia. Pikipiki, namba zake, mita inasoma hivi. Anaruka majiko, masufuria na vitanda. Mdaiwa anasaini orodha, au anakataa kusaini na mwenyekiti anashuhudia kwamba amekataa. Wewe mama, siku hiyo usiende. Kishawishi cha kwenda kushuhudia ni kikubwa, lakini maneno yatakayotupwa mlangoni yatawafikia watoto kabla ya pesa.

Hapo hapo, au kesho yake asubuhi, atatokea mtu wa tatu. Kaka anasema pikipiki ni yake, alimwazima tu. Mtu huyo ana haki ya kupeleka pingamizi, na mahakama itachunguza nani alikuwa anakimiliki na kukitumia kitu hicho siku kilipokamatwa, na kwa niaba ya nani. Jiandae. Picha za mdaiwa akiendesha pikipiki hiyo mwaka mzima, risiti ya bima yenye jina lake, fundi anayemtengenezea, vyote hivyo vina nguvu mbele ya kadi yenye jina la kaka. Na kama pikipiki kweli ni ya kaka, iachie mara moja. Kung'ang'ania mali ya mtu mwingine kutakuletea gharama.

Visivyogombewa huenda mnadani. Bila ridhaa ya mdaiwa, mali inayohamishika haiuzwi kabla ya siku 15 tangu tangazo kubandikwa mahakamani, na nyumba au ardhi ni siku 30. Mnunuzi wa ardhi hutoa asilimia 25 ya bei papo hapo. Kwa uzoefu wangu, siku hizo za kungoja ndizo zenye thamani kuliko mnada wenyewe. Bei ya mnada huwa ndogo, gharama za dalali zinakatwa humo humo, na runinga ya laki sita inaweza kuondoka kwa laki mbili. Lakini mtu aliyekaa mwaka mzima bila senti, akiona tangazo lenye jina lake limebandikwa ukutani, hupata pesa ndani ya wiki. Ndugu wanachanga, SACCOS inakopesha. Akija na fedha, ipokeleni mbele ya mahakama na iandikwe.

Vipi kuhusu jela? Wanawake wengi huniuliza hilo kwanza, na ninaelewa kwa nini. Mahakama inaweza kuamuru mdaiwa akamatwe na kuwekwa ndani kama mfungwa wa madai, hasa anayeonekana ana uwezo na anakaidi. Kuna mambo mawili ya kupima kabla hujaomba. Anayeomba mwenzie afungwe ndiye anayelipa gharama ya kumlisha huko gerezani, na asipoipeleka mahakamani mfungwa hutolewa. Fikiria maana yake: mama aliyekosa hela ya unga wa watoto anatafuta hela ya kumlisha baba yao. La pili, kutoka jela hakufuti deni, lakini hawezi kukamatwa tena kwa tuzo ile ile, na kama ni kibarua wa siku, muda aliokaa ndani ni muda ambao hakuingiza chochote. Kwa mfanyabiashara mwenye magari mawili anayeidharau mahakama, hati ya kukamatwa inaweza kumzindua kabla hajafika gerezani. Kwa mpagazi wa Kariakoo ni adhabu kwa watoto wake. Kando ya hayo, Sheria ya Mtoto inafanya kumnyima mtoto haki zake za msingi kuwa kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Faini hiyo inaingia serikalini, haimfikii mtoto.

Hapa natoa maoni ambayo wenzangu wengine hawayakubali. Ukiwa na mdaiwa wa bodaboda, usiikimbilie bodaboda yake. Utapata deni la mwaka jana na kuua matunzo ya mwaka huu. Bora uombe mahakama impangie alipe kwa awamu, elfu tano kila jioni kupitia simu, na iandikwe kwamba akikosa kwa wiki mbili mfululizo hati ya kukamata itoke. Anayekosea kwa umaskini na anayekosea kwa ukaidi wanadaiwa sawa, lakini hawakamuliwi kwa njia moja. Kwa mkaidi mwenye mali, usilegeze hata siku moja.

Kwa wanaosoma sura hii kabla talaka haijatoka, bado mna nafasi ambayo wenzenu wameikosa. Mali ya ndoa inapogawanywa, kumbukeni kwamba tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali hiyo. Lakini msiombe mgawo tu. Sheria ya Ndoa inamruhusu hakimu kuagiza mali iwekwe chini ya wadhamini ili pato lake lilipe matunzo. Nyumba ya vyumba vinne Temeke, ambayo kodi yake inapita moja kwa moja kwa watoto mpaka wafike miaka 18, ni salama kuliko ahadi ya baba yeyote, hata aliye mwema, maana mwema naye huugua na kufukuzwa kazi. Maombi haya hayafanywi mara nyingi. Sababu kubwa ni kwamba wanandoa huwa wamechoka, wanataka yaishe. Vumilia siku moja zaidi uyaombe.

Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada pamoja na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na taasisi kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeandika maombi mengi ya namna hii. Nenda na daftari, hukumu, na orodha ya mali. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, kazi ya juma inakuwa ya asubuhi moja. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto ya 2011 na Mahakama za Kadhi kwa ndoa za Kiislamu, kwa hiyo aliye huko aanzie kwa wanaozifahamu hizo.

Limebaki jambo moja ambalo familia nyingi hulikataa kwa nguvu. Mdaiwa akifariki, malimbikizo hayafi naye. Yanakuwa deni juu ya mirathi, na msimamizi wa mirathi anatakiwa kulipa madeni kabla ya kuwagawia warithi. Watoto wako wanasimama hapo kwa miguu miwili: kama wadai wa matunzo yaliyokwisha kuiva, na kama warithi wa baba yao katika kinachobaki. Shangazi watasema umeyaleta ya talaka msibani. Jibu kwa heshima, toa pole, na usibishane matangani. Subiri tangazo la maombi ya usimamizi libandikwe Mahakama ya Mwanzo, kisha peleka madai yako kwa maandishi kwa msimamizi, na nakala kwa hakimu, kabla msimamizi hajawasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawo. Ambatanisha hukumu na kurasa za daftari.